Koti Juu ya Kanzu: Sufu, Kashmiri na Joto la Pemba

Kila Idi inapokaribia, na kila msimu wa karafuu unapoacha fedha mikononi mwa watu, maduka ya vitambaa ya Chake Chake, Wete na Mkoani huulizwa swali lile lile: koti lishonwe kwa kitambaa gani? Bidhaa zilipokuwa chache swali hilo halikuwa na uzito, maana mtu alinunua kilichopo. Leo majora yamesimama bega kwa bega, na ukingoni mwa jora kumechapwa maandishi ya rangi ya dhahabu: sufu tupu, sufu na kashmiri, Super 120, Super 150, Super 180, Italia, Uingereza. Bei zinapishana kwa mbali, na mara nyingi jora lenye maandishi makubwa ndilo la bei ya chini. Bwana harusi, mzee anayekaa safu ya mbele kwenye maulidi, ofisa aliyehamishwa kutoka Unguja, wote hutoka dukani na ushauri unaogongana.

Mkanganyiko huu una mizizi mitatu. Wa kwanza ni wa lugha. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni ile pamba ya msufi ijazwayo mitoni na magodoroni. Herufi moja inatenganisha mnyama na mti, na si kila muuzaji anayeichunga. Wa pili ni dhana kwamba sufu ni jamaa wa blanketi, kwa hiyo haina kazi katika kisiwa cha joto. Wa tatu ni zile tarakimu, ambazo mnunuzi huzisoma kama alama za mtihani: kubwa ndiyo bora. Mizizi yote mitatu inahitaji kufunguliwa kabla ya kuzipima pande zinazobishana.

Joho lilitangulia koti

Wapo wanaosema sufu ni kitu cha nchi za baridi kilicholetwa juzi pamoja na suti. Historia ya mwambao haikubaliani nao. Neno joho lilikuwa jina la kitambaa kabla ya kuwa jina la vazi. Limetoka katika Kiarabu, ambako lilitaja kitambaa kizito cha sufu kilichofumwa kisha kikakandwa mpaka nyuzi zikashikana. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyeondoka pwani mwaka 1857 kwenda maziwa makuu na kuchapisha kitabu cha safari hiyo mwaka 1860, alilitaja joho, jekundu na la buluu, miongoni mwa vitambaa vya misafara. Bushuti nalo ni neno la sufu, na linakaa ukoo mmoja na bishti la Waarabu. Masultani wa Zanzibar, kuanzia Barghash bin Said aliyetawala 1870 hadi 1888 mpaka Khalifa bin Harub aliyetawala 1911 hadi 1960, wamebaki kwenye picha wakiwa na majoho na vilemba, na bwana harusi wa Pemba bado huvikwa joho hilo hilo siku ya nikaha.

Kashmiri pia si ngeni. Kilemba cha Oman kinachosifiwa kuliko vyote hufumwa kwa pashmina, aina ya kashmiri, na neno kashmiri lenyewe limetoka Kashmir. Wapemba wenye ndugu Muscat wanakijua kitambaa hicho kwa kukishika: chepesi, laini kama shavu la mtoto, kikikunjwa kinaingia kiganjani.

Tuangalie, hata hivyo, vitambaa hivyo vilivaliwaje. Joho huachwa wazi mbele, halina kiuno, halibani kwapa, hewa huingia chini na kutokea shingoni. Kilemba ni kitambaa kimoja kisicho na bitana. Koti la mshono wa Kizungu ni jambo tofauti kabisa. Lilipanda juu ya kanzu katika zama za ukoloni, baada ya Zanzibar kuwekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, likawa vazi la makarani, walimu na makadhi, na halikushuka tena. Kifuani lina tabaka nne: kitambaa cha nje, kanvasi, pedi na bitana. Lilibuniwa Ulaya ili lifungie joto ndani. Wanaolalamikia sufu mara nyingi wanalalamikia tabaka hizo tatu za chini, ambazo hawazioni.

Kuna pengo jingine katika historia hii. Baada ya Mapinduzi ya 1964 uagizaji wa bidhaa Zanzibar uliingia mikononi mwa serikali, na katika miaka ya 1970 nguo zilikuwa adimu. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, kilichofurika sokoni kilikuwa tetroni na mitumba. Fundi aliyejifunza kazi katika miaka hiyo hakuwa na nafasi ya kuizoea sufu mpya mezani kwake. Ujuzi wa kuitambua kwa vidole ulipungua, na nafasi yake ikashikwa na maandishi ya ukingoni.

Tarakimu zinapima kitu kimoja tu

Namba za Super zimewekewa kanuni na Shirika la Kimataifa la Sufu, IWTO. Zinapima wembamba wa unyoya mmoja wa kondoo kwa maikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Super 100 ni unyoya usiozidi maikroni 18.75. Kila namba ikipanda kwa kumi, unyoya hupungua nusu maikroni: Super 120 ni 17.75, Super 150 ni 16.25. Unywele wa binadamu una kama maikroni 60 hadi 80, kwa hiyo tunazungumzia vitu vyembamba sana. Kanuni hiyo imelitenga neno Super kwa ajili ya sufu. Jora la tetroni halina haki ya kulibeba.

Namba hiyo haisemi kitambaa kina uzito gani, kimefumwa vipi, wala kitapitisha hewa kiasi gani. Vitambaa viwili vya Super 120 vinaweza kutofautiana kiasi cha kimoja kuwa na gramu 230 kwa mita na kingine gramu 340. Cha kwanza kinavalika Wete mchana. Cha pili ni cha mtu anayesubiri basi Nairobi mwezi wa Julai. Mnunuzi wa Pemba angefaidika zaidi kuuliza gramu kuliko kuuliza Super, lakini gramu ndizo zisizochapwa kwa dhahabu.

Namba kubwa ina gharama yake pia. Unyoya mwembamba ni dhaifu. Koti la Super 180 huchakaa upesi kwenye viwiko na kwenye mdomo wa mfuko, hujikunja haraka, na humtesa fundi: chini ya sindano nene ya cherehani mshono huvutika na kufanya mawimbi ambayo pasi haiyaondoi. Vitambaa hivyo husokotwa kwa ajili ya tajiri wa Ulaya mwenye makoti ishirini, anayelipumzisha kila moja wiki nzima. Kwa mtu mwenye koti moja, namba kati ya 80 na 120 ni bora. Hilo si suala la kujibana; ndivyo unyoya ulivyo.

Je, sufu inapoza?

Hapa ndipo ubishi ulipo mkali. Watetezi wa sufu husema kwamba unyoya wa kondoo hunyonya mvuke wa jasho hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake bila mvaaji kuhisi umeloa, wakati tetroni hunyonya chini ya asilimia moja. Husema pia kwamba sufu haishiki harufu ya mwili, haiung'ang'anii mkunjo, na ikitundikwa usiku hujinyoosha yenyewe kufikia asubuhi. Yote haya ni kweli.

Hoja ya asilimia 30, hata hivyo, inahitaji kupunguzwa nguvu ikivuka bahari kuja Pemba. Kiasi hicho hufikiwa sufu inaposhiba kabisa. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida ya kisiwa hiki, sufu iliyotundikwa kabatini tayari imeshabeba maji ya karibu asilimia 18 ya uzito wake kabla haijavaliwa. Nafasi iliyobaki ya kunyonya jasho ni ndogo kuliko inayotangazwa. Tena sufu inaponyonya mvuke hutoa joto kidogo. Anayetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuingia uani penye watu hulihisi joto hilo mgongoni kwa dakika kadhaa.

Kwa hiyo katika Pemba unyonyaji peke yake hautoshi kuitetea sufu. Kinachoamua ni ufumaji. Sufu inaweza kusokotwa kwa nguvu mpaka uzi ukawa mkavu na wenye kuruka kama kamba ya gitaa, kisha ikafumwa mtande na mshindio moja juu moja chini, kukiachwa vitundu vidogo. Kitambaa cha namna hii kina historia inayojulikana: kiwanda cha Martin Sons cha Huddersfield, Uingereza, kilisajili aina yake kwa jina la Fresco mwaka 1907, na walioinunua kwa wingi walikuwa watu waliopelekwa nchi za joto. Ukikiinua mbele ya dirisha unaona mwanga. Ukipuliza, pumzi inatokea upande wa pili. Ukikifumbata kiganjani kwa nguvu na kukiachia, kinafunguka. Sufu laini yenye kung'aa, ile inayovutia macho dukani, mara nyingi imefumwa kwa mshazari na kubanwa, na haipitishi pumzi. Mnunuzi huiacha ile kavu kwa kuiona duni, akachukua ile laini, kisha akasema sufu ni moto.

Kuna jambo la kalenda linaloufanya mjadala huu uwe wa haraka kuliko unavyoonekana. Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Idi el-Fitri ya 2024 ilikuwa Aprili 10, ndani ya masika. Ifikapo 2030 itaangukia mwanzoni mwa Februari, katikati ya kaskazi, joto linapokuwa kali kuliko nyakati nyingine zote. Koti linaloshonwa leo kwa miaka kumi litavaliwa katika jua hilo.

Ushauri kutoka bara nao upokewe kwa tahadhari. Waganda nao huvaa koti juu ya kanzu, na sherehe za kujitambulisha ukweni haziendi bila vazi hilo. Lakini Kampala imekaa karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi zaidi ya 1,600. Kitambaa kinachosifiwa huko kimepimwa katika hewa nyingine. Hata Muscat, yenye joto kushinda letu, si kipimo kizuri: mgeni wa harusi kule hutoka gari lenye kiyoyozi na kuingia ukumbi wenye kiyoyozi, wakati maulidi ya Pemba huhudhuriwa chini ya turubai, watu magoti kwa magoti.

Kashmiri: sifa ya kweli, mahali pasipo pake

Kashmiri ni manyoya ya chini ya mbuzi wa nchi za baridi kali, hasa China na Mongolia. Mbuzi mmoja hutoa kiasi cha gramu 150 hadi 200 tu kwa mwaka baada ya nywele ngumu kuondolewa. Uchache huo ndio mzizi wa bei yake, na ndio pia mzizi wa udanganyifu. Uzito wa koti moja unataka mavuno ya mbuzi kadhaa. Koti jipya la kashmiri tupu linalouzwa kwa bei ya tetroni haliwezekani kihesabu.

Wanaoitetea wana hoja ya haki: hakuna kitambaa kinacholala begani kwa upole namna ile, na rangi huzama ndani yake kwa kina. Lakini mbuzi yule aliotesha unyoya huo ili asife kwa baridi. Kashmiri hufunga hewa. Ndiyo kazi yake. Tena ni laini mno kwa koti: hutoa vidonge vya manyoya pale mkono unaposuguana na mbavu, na mfuko wenye simu huvutika ukabaki umelegea. Ndiyo maana hata viwanda vya Biella, Italia, vyenye ustadi wa vizazi, mara nyingi huichanganya asilimia 5 au 10 tu ndani ya sufu. Kiasi hicho huongeza ulaini wa mguso na bei. Ubaridi hakiongezi hata kidogo.

Wazee wa mwambao walikuwa wameshalitatua jambo hili kwa kuiweka pashmina kichwani na begani, katika tabaka moja. Mwenye fedha za kashmiri Pemba azitumie kwenye kilemba au shali.

Tetroni, kitani na mchanganyiko

Tetroni lilikuwa jina la biashara la kampuni za Kijapani Teijin na Toray, lililoanza 1958, na kwetu limegeuka jina la kila kitambaa cha polista. Isidharauliwe. Hufuliwa nyumbani kwa sabuni ya kawaida, hukauka kwa saa chache hata wakati wa masika, haipandi koga kwa urahisi, nondo hawaitaki, na bei yake inamwezesha baba wa wavulana watatu kuwavika wote siku moja. Kijana anayekua kila mwaka hana haja ya kitu kingine.

Ubaya wake unaonekana saa mbili baada ya kuvaliwa. Jasho halina pa kwenda, hukaa kati ya ngozi na bitana, na harufu iliyoingia kwapani haitoki hata baada ya kufuliwa mara kumi. Kuna ubaya mwingine unaohusu desturi yetu moja kwa moja. Nguo za sherehe hufukizwa udi, na chetezo hupitishwa kati ya wageni. Cheche moja ikirukia koti la tetroni huyeyusha tundu lenye ukingo mgumu papo hapo. Ikirukia sufu, huungua pale ilipotua kisha hujizima, na mara nyingi kucha inatosha kuikwangua. Tena sufu huuhifadhi moshi wa udi kwa siku kadhaa.

Mchanganyiko wa sufu na tetroni, takriban nusu kwa nusu, ni mapatano ya heshima kwa mtu anayevaa koti kazini kila siku. Kitani ni baridi kuliko vyote lakini hujikunja kabla ya hotuba ya kwanza kumalizika. Koti la pamba huloa, likawa zito, likachelewa kukauka.

Liko suala la sheria ya dini, maana vitambaa vya kifahari vya majira ya joto mara nyingi huchanganya sufu, kitani na hariri. Sufu haina shaka yoyote. Hadithi katika Bukhari na Muslim inamtaja Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, akiwa na juba la sufu la Kishamu lenye mikono ya kubana. Kwa hariri, madhehebu ya Shafi, ambayo Wapemba wengi wanayafuata, huangalia uzito: hariri ikizidi vitambaa vingine, mwanamume haivai. Lebo ya asilimia 15 ya hariri haipaswi kumtia mtu wasiwasi, ila bitana iulizwe peke yake.

Mitumba na ukweli wa lebo

Upande wa mitumba una nguvu kuliko heshima unayopewa. Sheria za Ulaya na Marekani zinamlazimisha mtengenezaji kuandika aina ya nyuzi kwenye nguo. Marekani ilitunga sheria ya lebo za sufu tangu 1939. Koti lililovaliwa Ujerumani au Marekani na kufika Pemba ndani ya robota hubeba mfukoni kipande cheupe kilichoandikwa asilimia za ukweli. Jora jipya dukani hubeba maandishi ambayo yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuyaweka. Kwa hiyo kitu kikuukuu kimekuwa na nasaba iliyo wazi kuliko kipya.

Koti zuri la mtumba la sufu nyepesi, likifunguliwa na fundi mjuzi, likapunguzwa mabega na kutolewa nusu ya bitana, hulishinda koti jipya la jora la maandishi ya dhahabu kwa kitambaa na kwa bei. Kasoro ni mbili. Makoti mengi ya robotani yalishonwa kwa ajili ya baridi, na la gramu 240 huja kwa bahati. Pili, soko hili haliko mikononi mwetu. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuyaondoa mavazi ya mitumba ifikapo 2019. Rwanda ilipandisha ushuru na ikasimamishiwa na Marekani mwaka 2018 nafuu ya kuuza mavazi yake bila ushuru. Nchi nyingine zikarudi nyuma. Uamuzi wa aina hiyo unaweza kurudi, na mnunuzi wa Pemba hatakuwa ameulizwa.

Kutegemea sufu ya kwetu si njia ya karibu. Kondoo wa Tanzania, kama yule mwekundu wa Kimasai, wana nywele fupi zisizosokoteka. Kenya ina kondoo wa manyoya katika nyanda za juu na ilikuwa na kiwanda cha sufu cha Raymond mjini Eldoret, kilichojulikana zaidi kwa mablanketi. Kitambaa cha koti kitaendelea kuja na meli.

Fundi, koga na nondo

Kitambaa bora kinaweza kuharibiwa ndani ya karakana. Njia ya haraka ya kushona koti ni kugandisha kifua kwa gundi na pasi. Katika unyevu wa Pemba gundi hiyo huachia baada ya misimu michache, na kifua hufanya malengelenge yasiyotibika. Njia ya zamani, ya kushikiza kanvasi kwa sindano ya mkono, huchukua siku mbili au tatu zaidi na hudumu umri wa koti. Bitana nayo ipunguzwe: mabega na mikono ifunikwe ili koti liteleze juu ya kanzu, mgongo uachwe wazi. Mgongo huo ukiachwa wazi, sufu yoyote nyepesi huwa nyepesi zaidi. Anayeshona kwa kanvasi analipwa zaidi, na anastahili. Fedha zinazookolewa kwa kushuka kutoka Super 150 hadi Super 100 ziende kwake.

Utunzaji ndio udhaifu mkubwa wa sufu kisiwani, na watetezi wake huupitia haraka mno. Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Koti lililofungiwa ndani ya mfuko wa plastiki wakati wa masika huota koga kwenye ukosi, pale jasho lilipokauka. Nondo hutaga mayai katika sufu chafu, na viwavi wake ndio wanaotoboa. Dawa ya kwanza ni usafi: koti lipigwe brashi, lianikwe kivulini penye upepo baada ya kila kuvaliwa, lisirudi kabatini na jasho. Lifunikwe kwa shuka la pamba, plastiki iondolewe.

Hapa Pemba ina zawadi yake. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kitovu cha karafuu za Zanzibar, na karafuu zimetumiwa na watu wa mabara mengi kuwafukuza nondo. Mafuta yake makali huwakera nondo waliokomaa. Hayaui mayai yaliyokwisha kutagwa, kwa hiyo mfuko wa karafuu mfukoni mwa koti chafu hausaidii. Katika koti safi husaidia, mradi ubadilishwe harufu ikififia.

Mizani

Ukiyaweka yote pamoja, swali la sufu au si sufu linageuka kuwa dogo. Anayeshona koti moja la miaka kumi achukue sufu kavu, iliyosokotwa kwa nguvu, chini ya gramu 250 kwa mita, Super 100 au chini yake, mgongo bila bitana, kifua cha kanvasi. Asiye na uwezo huo atafute mtumba mwepesi wenye lebo yake, ampelekee fundi. Vijana na wavaaji wa kila siku wabaki na tetroni au mchanganyiko bila aibu yoyote. Super 150 na kuendelea, pamoja na koti la kashmiri, Pemba haina kazi nazo.

Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ingetenda haki kubwa kwa jambo dogo: kila jora la kitambaa cha koti linaloshushwa bandarini lisomeke kwa Kiswahili asilimia za nyuzi na gramu kwa mita. Maneno mawili na tarakimu mbili yangemlinda mnunuzi kuliko onyo lolote, na muuzaji mkweli, ambaye leo anashindwa bei na mwongo, angepata pa kusimama.

Mpaka hilo litakapofanyika, mwombe muuzaji akuchomolee nyuzi mbili, mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, uziwashe moto mmoja mmoja. Uzi ukitoa harufu ya nywele na ukivunjika majivu vidoleni, ni sufu. Ukitoa moshi mweusi na ukaacha punje ngumu, ni tetroni. Harufu ya nywele pamoja na punje ngumu ni mchanganyiko. Moto huo hautakuonyesha kondoo na mbuzi kwa tofauti, maana manyoya yote huungua sawa. Kwa hiyo neno kashmiri lililochapwa ukingoni usililipie hata shilingi.